Aliuliza Kichwa, Akadharau Miguu

Ukipita Kibokoni alasiri, ukaona nyumba moja madirisha yake yote yamefungwa ilhali joto linachemsha watu, jua Mejumaa kashikwa. Hapo muuza kahawa huacha kugonganisha vikombe vyake mpaka avuke pembe ya pili, na watoto waliokuwa wakicheza mpira hufukuzwa na mtu yeyote mzima aliye karibu. "Nendeni kule! Hamjui mama wa watu yuko na kichwa chake?" Mtaa mzima wanakijua kichwa cha Mejumaa kama wanavyojua mlango wake.

Kazi yake ni kutia hina maharusi. Asili yao ni Wadigo wa ng'ambo ya Likoni, lakini aliolewa Mji wa Kale akiwa kigori, mumewe akafa mapema, akabaki na mtoto mmoja wa kike na mikono yake. Na mikono hiyo Mungu aliibariki. Huchuja unga wa hina kwa kitambaa cha leso mpaka ukawa laini kama poda, akaukanda kwa maji ya ndimu na chai ya rangi, kisha huchora maua yakapanda kutoka vidoleni hadi gotini, na piko, ile rangi nyeusi, akaizungusha pembeni kwa kijiti chembamba. Bibi harusi akitolewa nje, watu hutazama miguu kabla ya uso.

Ajabu ni kwamba kazi iliyomlisha ndiyo iliyokuwa ikimuumiza. Harufu ya piko na ya mafuta ya karafuu, kuinama kutwa, na njaa ya kusahau kula, vyote hivyo vilikiita kichwa hicho, yaani kipandauso. Kwanza huona vimulimuli. Kitu kama ukingo wa kitambaa kilichokatwa kwa mkasi wenye meno kinametameta upande wa jicho la kulia, kinatanuka, kinameza nusu ya ua analolichora. Hapo hujua ana muda mdogo wa kumaliza unyayo. Kisha upande mmoja wa uso hugongwa kama mlango wa mtu anayedaiwa, anatapika, na mwanga unakuwa adui.

Amefanya kila linalofanywa. Amepigwa chuku, akatolewa damu, mpaka kisogo kikabaki na makovu. Amekunywa kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji ya waridi. Amemeza tembe za kila duka la dawa kutoka hapo hadi Marikiti. Kombe lilimpa utulivu wa moyo, na Mola hakosi shukrani, lakini kichwa kilirudi.

Mamake, Mungu amrehemu, hakuwa na kichwa. Yeye alikuwa na miguu. Wanawake wenziwe wakikaa maulidini, wametulia kwenye mikeka kama kunguru waliotua, yeye haipiti robo ya kisomo ila ameinuka, anatembea ukumbini huku akijifinya mapaja. Akikaa tu, alisema, kuna siafu wanatambaa ndani ya mifupa, wala si nje mtu akawakung'uta. Akitembea wanatulia, akikaa wanarudi. Watu wakasema ana pepo. Akapungwa, ngoma ikapigwa siku kadhaa, na kwa vile alikuwa akicheza ngoma hiyo amesimama, miguu haikumsumbua, wakasema pepo ametoka. Ngoma ilipokwisha na watu kuketi kula pilau, yeye akainuka akaenda kutembea uani.

Mejumaa alikua akimkanda mama huyo miguu kila magharibi. Hata siku moja hakuwaza kwamba miguu ya mama na kichwa chake yeye ni jamaa. Angewazaje? Kimoja kiko juu, kingine kiko chini.

Sasa huyo binti yake, Zakiya. Alikuwa mtoto mwepesi wa kucheka, na mamake alimtazama miaka yote kwa hofu ile ya mtu anayetazama wingu. Alipovunja ungo tu, asubuhi moja akaja kutoka shule amejishika jicho. "Mama, ubao ulikuwa unawaka moto pembeni." Mejumaa akamlaza, akafunga madirisha, akaenda jikoni akalia kwa kujifunika leso mdomoni asisikike.

Tangu siku hiyo akaweka nia moja moyoni, na nia hiyo ndiyo iliyoongoza maisha yake yaliyobaki: kichwa hiki kiishie kwa Zakiya. Mjukuu atakayezaliwa asikijue.

Kwetu pwani posa ikija, watu hawapimi damu, hupeleleza. Shangazi na makhalati hujitia wanapita kusalimia, nyumba hii na ile, wakinywa chai ya watu na kuuliza kwa upole: kwao kuna pumu? Kuna kifafa? Kuna mtu aliyerukwa na akili? Mejumaa yeye alikuwa na swali moja tu. "Kwao kuna kichwa?"

Akaja mwalimu mmoja wa shule, kijana wa Tononoka, mpole, anaswali, hana sigara wala miraa. Zakiya alikuwa akiona haya kila akitajwa, na hiyo ni dalili mama yeyote anaijua. Mejumaa akaenda mwenyewe kupeleleza. Akapokewa vizuri, akaletewa sharubati, na alipouliza mbona chumba cha pili kimefungwa pazia nzito mchana, akaambiwa, "Ah, ni shangazi yake, leo kichwa kinamsumbua." Akaiweka sharubati chini, akaaga.

Akarudi nyumbani akasema hapana.

"Mama, mwalimu wa watu ana kosa gani?" Zakiya aliuliza.

"Hana kosa. Shangazi yake ana kichwa."

"Kwani mimi naolewa na shangazi yake?"

"Mwanangu, kichwa kwa kichwa, atakayezaliwa hapo atakuwa kichwa tu, si mtu. Nisikilize mimi nijuaye."

Zakiya alikunja buibui yake taratibu, akaiweka, na jina la mwalimu halikutajwa tena nyumbani humo.

Hapo ndipo Mejumaa akamkumbuka Kombo, mtoto wa kaka yake Ngowa. Kombo alikuwa fundi wa malori kule Shimanzi, mikono ina grisi lakini moyo safi. Na binamu ni nyama ya hamu, wazee walisema. Tena mtu wa ndani humwulizi mtaani, waijua nyumba yake kama uijuavyo sufuria yako. Akamwita Ngowa, akampikia mahamri na mbaazi, akamkalisha.

"Kaka, nakuuliza mbele ya Mungu. Kwako kuna kichwa?"

"Sote tuna vichwa, dada. Tatizo ni ndani, hamna kitu."

"Wacha mzaha wewe! Kipandauso."

"Kipandauso hakuna. Mimi hakijanigusa tangu nizaliwe, wanangu hakijawagusa. Mamake Kombo ndio usiseme, yule hata malaria humwogopa."

"Na Kombo mwenyewe? Hana ila?"

Ngowa akachovya hamri, akatafuna kwanza. "Ana miguu."

"Miguu gani?"

"Waijua. Ile ya marehemu mama. Mchana kutwa yuko chini ya lori hana neno. Jioni akikaa kitako, yaanza kumtambaa. Sinema haimalizi. Ukikaa naye mkeka mmoja atakupiga mateke ukadhani una deni lake."

Mejumaa akacheka, na kicheko hicho alikuja kukikumbuka sana. "Hiyo miguu tu! Mwanamume asiyekaa ndiye aletaye unga nyumbani. Mimi naogopa kichwa."

Alikuwa amepima, masikini. Msidhani alikurupuka. Alikaa akahesabu akilini mwake kama anavyopima hina na ndimu: kichwa na kichwa ni moto kwa moto, lakini kichwa na miguu ni vitu mbali, havikutani. Kaka yake hakupata kichwa, basi mbegu yake ni safi. Na miguu yenyewe si maradhi, ni pepo wa bibi aliyebaki akizungukazunguka, siku moja atachoka. Hivyo ndivyo alivyopima, na mtu akipima kwa mizani mbovu, hata awe mwaminifu vipi, uzito hautakuwa sawa.

Fatha ikasomwa, Zakiya akaolewa. Kombo alikuwa mume mwema. Mkewe akishikwa na kichwa alifunga madirisha mwenyewe, akapika uji, akazima redio ya jirani kwa maneno matamu. Na miguu yake ikimsumbua, Zakiya alimkanda kwa mafuta ya ufuta. Mejumaa aliwatazama akasema, alhamdulillahi, kila mmoja ana lake, wanasaidiana.

Kisha Zakiya akashika mimba. Ilipokuwa kubwa, alianza kuinuka mezani kabla ya kumaliza chakula.

"Wenda wapi tena?" Mejumaa alimuuliza.

"Natembea kidogo, mama. Kuna kitu kwenye miguu."

"Kitu gani?"

Zakiya akasita, akitafuta neno. "Kama wadudu. Lakini ndani. Ndani ya mfupa."

Mejumaa alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini polepole, maana maneno hayo aliyajua, aliyasikia utoto wake mzima kutoka mdomo wa mamake. Majirani wakasema ni mimba, itaondoka akizaa. Akazaa mtoto wa kike, wakamwita Swafiya. Miguu ikapoa kidogo, ikarudi. Sasa Zakiya akawa na vyote viwili, cha juu na cha chini. Siku kichwa kilipomlazimisha kulala kimya gizani, miguu ilimlazimisha kuinuka, na kila alipoinuka kichwa kilipasuka. Mejumaa alimwona mwanawe akitembea chumbani amefunga macho, mkono ukutani, akitapika ndani ya beseni alilolibeba mwenyewe. Akasema, "Twende kwa daktari."

Daktari Lubaba alikuwa mtoto wa Kihindi, wa Kibohora, wa nyumba ya wauza vitambaa, na Mejumaa ndiye aliyemtia hina alipoolewa. Kwa hivyo aliwapokea kwa heshima, akawakalisha, akauliza hali za nyumba kabla ya kuuliza ugonjwa. Kisha akauliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza. Miguu ilianza lini? Ikija, huondoka vipi? Na kichwa kinakuja upande upi?

"Na nani mwengine kwenu ana haya?"

"Kichwa ni changu mimi," Mejumaa alisema. "Mimi ndiye niliyempa."

"Na miguu?"

"Miguu ni pepo wa mama yangu."

Daktari hakucheka. "Huyo pepo alikuwa akija jioni, mama akikaa kitako? Akitembea anaondoka?"

"Ndiye huyo."

"Mama Mejumaa, huyo si pepo. Ni maradhi, na wako wengi wanayo, Wazungu na Waarabu na sisi." Akaeleza taratibu, kwa Kiswahili kizuri. Akasema wataalamu wameona kwa muda mrefu kwamba wenye kipandauso wengi hukutwa na miguu hiyo pia, kuliko watu wengine. Na sasa, walipochunguza vile vitu ambavyo mtoto hurithi kutoka kwa wazazi, wakaona baadhi ya vinavyoleta hiki ndivyo vinavyoleta na kile. "Hawajajua yote. Lakini si nyuzi mbili mbali mbali kama ulivyodhani. Fikiria shada la asumini. Ukivuta ua moja, la pili linatikisika, maana uzi ni mmoja."

Daktari akamgeukia Zakiya. "Na mume? Yeye vipi?"

"Yeye ana miguu."

"Naye ni nani kwako?"

"Binamu yangu. Mtoto wa mjomba."

Daktari akaangalia karatasi yake, ingawa hapakuwa na cha kusoma. "Sawa," akasema. "Si lazima mtoto apate. Nataka mnielewe. Wako watu wana hivi pande zote mbili na mtoto hana neno. Si hukumu, ni uwezekano tu."

"Lakini uwezekano umezidi," Zakiya akasema.

"Ndiyo. Umezidi."

Mejumaa alitaka kusema kitu. Alitaka kusema kwamba alipeleleza, kwamba aliuliza, kwamba alimkataa kijana wa watu kwa sababu hiyo hiyo. Lakini alilikumbuka lile shada. Uzi ule ulikuwa wa mamake, umepita kwake ukawa kichwa, umepita kwa Ngowa ukafika kwa Kombo ukawa miguu, na yeye, kwa mikono yake hii, ndiye aliyezichukua ncha mbili akazifunga pamoja.

Damu ya Zakiya ikapimwa, ikaonekana ina upungufu wa madini ya chuma. Akapewa tembe, akaambiwa asizinywe pamoja na chai. Akapewa na dawa nyingine ya kichwa. Zilisaidia, tusiwe wasio shukrani. Zilipunguza. Hazikuondoa. Daktari mwenyewe alisema dawa ya kuondoa kabisa bado haijapatikana.

Njiani kurudi, Zakiya alimpakata mtoto chini ya buibui, jua lisimpige. Walipofika karibu na nyumbani, akauliza bila kugeuka, "Mama, yule mwalimu wa Tononoka ameoa?"

"Ameoa."

"Ana watoto?"

"Wawili, nasikia."

"Wazima?"

"Zakiya, mwanangu..."

"Nauliza tu, mama."

Na Zakiya hakumlaumu, si siku hiyo wala nyingine. Hilo ndilo lililomchoma Mejumaa zaidi. Lau angepiga kelele, pangekuwa na la kujibu.

Akabaki Swafiya. Matumaini yote ya yule mama sasa yalikuwa yamekaa juu ya mabega ya mtoto yasiyozidi upana wa kiganja. Kila sala aliongeza dua ileile. Ya Rabbi, huyu mmoja. Mimi siombi chochote changu, huyu mmoja tu. Mtoto akilia, mbio huenda kumshika paji la uso. Akirusha miguu akicheza, humtazama mpaka chai inapoa. "Swafiya, miguu yawasha? Kichwa chauma?" Mpaka Kombo, aliyekuwa na adabu kuliko vijana wengi, akamwambia, "Shangazi, nakuomba. Utamfundisha maradhi."

"Namwangalia tu, baba."

"Kumwangalia kwako kunanitisha mimi mwenyewe."

Mtoto akakua bila neno. Akaanza chuoni kusoma Kurani, akahifadhi sura fupi, akawa na sauti nzuri. Mejumaa akaanza kupumua. Hata akathubutu kumwambia Zakiya, siku moja wakichambua mchele, "Mwenyezi Mungu amesikia. Sasa mletee ndugu. Huyu mmekwisha kumwona, mzima."

Zakiya akapeta mchele. "Tungoje kidogo, mama."

Siku nyingine maalimu wa chuo akaja kulalamika kwamba mtoto akikaa na msahafu miguu yake haitulii, anawapiga wenziwe. Mejumaa akamjibu ni utundu. "Watoto wa siku hizi, maalimu! Mtandike kidogo kwa upole." Maalimu alipoondoka, Mejumaa alikaa barazani muda mrefu, hakuenda ndani.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Swafiya alikaa na bibi yake barazani, wanangoja Zakiya akamilishe kufua. Jua limepiga ukuta mweupe wa mbele. Mtoto alikuwa na kitumbua mkononi, akakishusha.

"Bibi, mbona uso wako umekatika?"

"Umekatika vipi, mwanangu?"

"Upande huu haupo. Pana kitu kinawaka."

Mejumaa alijaribu. Mungu anajua alijaribu. "Ni jua hilo. Geuka huku, utazame kivulini."

Swafiya akageuka kivulini. "Na huku kipo. Kina meno."

Kisha mtoto akatapika kitumbua chote juu ya jiwe la baraza, akajishika upande mmoja wa kichwa, akaanza kulia kwa sauti ndogo ya mtu ambaye kilio chake chenyewe kinamuumiza. Zakiya akatoka, mikono ina povu. Hakuuliza kumetokea nini. Alimtazama mwanawe, akamtazama mamake, akafuta mikono kwa leso, akamchukua mtoto akaingia naye ndani. Mejumaa akafuata.

Kombo alirudi mapema kwa ajili ya swala ya Ijumaa akawakuta hivyo. Akasimama mlangoni na grisi yake mikononi, akaelewa, akakaa chini ukutani, akainuka, akakaa tena.

"Mama," Zakiya alisema taratibu, akimpepea mtoto, "ulisema nimletee ndugu."

"Nilisema."

"Usiniombee mwengine. Ukiswali, usiniombee tena hilo. Mimi sitaweza kumfungia madirisha wa pili."

Mejumaa akaitikia kwa kichwa. Mtu aliyekuwa na dua ya kila jambo, ya kutoka nyumbani na ya kuingia, ya kula na ya kuvaa, alikaa pembeni ya kitanda akitafuta ya hapa, asiipate. Adhana ya Ijumaa ikaadhiniwa kwa kipaza sauti cha msikiti wa jirani, na mtoto akajiziba masikio kwa mto, kwa kuwa hata wito ule mtukufu ulimuumiza. Bibi yake akaona hilo, akainamisha uso.

Adhana ilipokwisha, Swafiya akafumbua jicho moja.

"Bibi, kitaisha?"

Mejumaa hakuwa mwongo, na mtoto humdanganyi mara mbili.

"Cha leo kitaisha, mwanangu."

"Na hiki cha miguu?"

Zakiya akaacha kupepea. Kombo akageuza uso ukutani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mtoto kuhusu miguu siku hiyo.

Mejumaa alisogea mpaka mwisho wa kitanda, akaishika miguu ile midogo, akaanza kuikanda.